Posta ya Dar, Mji Mkongwe au Mombasa ya Kale: utembezwe wapi kama unapenda majengo ya zamani

Kila likizo ikikaribia kuna watu wawili watatu lazima wanipigie simu, na swali ni lile lile, "we si ndo mtu wa majengo ya zamani, sasa sisi tuna siku mbili tatu, twende wapi?" Juzi kanipigia binamu yangu wa Arusha, anashuka na mama yake na watoto wawili, anataka watembezwe kwa miguu na mtu anayejua, hataki ile ya kukaa kwenye gari mnaoneshwa kwa kidole huku dereva anawahi foleni. Akataja Posta hapa Dar, akataja Mji Mkongwe Unguja, akataja na Mombasa maana wana ndugu Likoni. Nikaanza kumjibu kwa meseji, ikawa ndefu mno, nikaona bora niandike mara moja na wengine mliokwama hapo hapo mpate pa kuanzia.

Mi nimefanya kazi Posta miaka tisa. Miaka sita ya kwanza nilikuwa napita tu, nashuka mwendokasi, naingia ofisini, natoka, narudi nyumbani. Siku niliyotembezwa kwa mara ya kwanza, tena kwenye mtaa ule ule ninaoshukia kila siku, niliumia kweli nikijua nimekaa na vitu vile miaka yote sijaviona. Ndo maana nasisitiza mtembezaji, ukuta ukiachwa peke yake ni ukuta tu mpaka atokee mtu wa kukuambia nani alikaa hapa, nani alimtoa, na kwa nini dirisha limewekwa juu namna ile.

Sasa tukubaliane kwanza tunapima nini, maana watu wengi wanachagua kwa picha walizoziona kwenye simu halafu wakifika wanachoka saa moja tu. Mimi naangalia mambo matano na nitayatumia kwa miji yote mitatu. La kwanza majengo yenyewe, yanakufundisha nini ambacho kwingine hukipati. La pili miguu na jua, maana mama wa miaka sabini na mtoto wa miaka sita hawatembei kama wewe. La tatu mtembezaji, anapatikanaje na unamjuaje kama ni wa kweli. La nne hela na makaratasi. La tano ndo inamfaa nani. Bei za tiketi na za watembezaji siandiki kwa tarakimu kwa sababu zinabadilika, nitakwambia tu hela inatokea wapi.

DAR ES SALAAM, KUANZIA SOKOINE DRIVE MPAKA UHINDINI

Majengo

Dar ni mdogo kiumri kwa hao wenzake. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar ndo alianza kuujenga miaka ya 1860 pembeni ya kijiji cha Mzizima, akafariki 1870 kabla hajaumaliza, mji ukalala mpaka Wajerumani walipofika 1887, na mwaka 1891 wakahamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo. Kwa hiyo pale katikati utakuta sultani, Mjerumani, Mhindi, Mwingereza na Tanzania huru wote wamebanana ndani ya mwendo mfupi, na hicho ndo kitu ambacho Unguja na Mombasa hawana kwa namna hii.

Anzia Boma la Kale, pale Sokoine Drive inapokutana na Morogoro Road. Lilijengwa mwaka 1866 mpaka 1867 kama nyumba ya kupokea wageni wa sultani, na ndo jengo la zamani kuliko karibu yote utakayoyaona siku hiyo. Weka kiganja ukutani sehemu ambayo plasta imeondoka, utasikia ukali wa matumbawe, na ukisogeza macho unaona kabisa vijitundu vile vya mdudu wa baharini, yaani bahari imechongwa ikawa nyumba. Unene wa ukuta wenyewe ndo unaofanya ndani kuwe na ubaridi saa sita mchana bila feni. Mimi hapo nilisimama muda mrefu mpaka wenzangu wakaniacha.

Ukitoka hapo unafuata bahari. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, la Wakatoliki, lilianza kujengwa 1897 likakamilika 1902, lina mnara uliochongoka na madirisha ya vioo vya rangi, na mbele kidogo kuna Azania Front ya Walutheri yenye vigae vyekundu na kimnara ambacho ukikikuta kijijini Ujerumani hutashangaa, unashangaa kukikuta kinatazamana na bandari yetu. Mbele zaidi, kama miguu inaruhusu, kuna hospitali ya Ocean Road ya mwaka 1897, ambayo leo ni taasisi ya saratani, na ile ni sehemu ya wagonjwa kwa hiyo unaitazama kwa heshima toka nje.

Halafu mnapanda Samora. Mtaa huu peke yake ni somo. Wajerumani waliuita kwa jina la miti ya akasia iliyopandwa pembeni, Waingereza wakaufanya Acacia Avenue, uhuru ulipokuja ukawa Independence Avenue, sasa ni Samora. Sanamu ya Askari iliyopo pale kwenye mzunguko ni ya mwaka 1927, na kabla yake palisimama sanamu ya gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, ambayo Waingereza waliing'oa walipouchukua mji. Yule askari ni mtu mweusi ameshika bunduki yenye singe, na chini yake maneno ya kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika waliokufa kwenye Vita Kuu ya Kwanza yameandikwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Wengi tunapanga kukutana "pale kwa Askari" bila hata kuyasoma. Yasomeni.

Uhindini ndo pananishika mimi zaidi. Mtaa wa Jamhuri, Indira Gandhi, Mosque Street, Kisutu, inua macho juu ya mabango ya simu na vipodozi, utaona kule kwenye paji la jengo wameandika jina la ukoo au la mama mwenye nyumba na mwaka, 1930 na ngapi, 1940 na ngapi. Chini duka, juu familia, balkoni imekunjwa kona kama meli. Mwaka 1971 serikali ikapitisha sheria ya kutaifisha majumba, mengi ya hayo yakaingia mikononi mwa Msajili wa Majumba na baadaye Shirika la Nyumba, na ukiijua hiyo ndo unaelewa kwa nini jengo zuri namna ile halikupakwa rangi kwa miaka. Kama mtembezaji wako anajua kazi, atakuonesha na kazi za Anthony Almeida, mchoraji majengo aliyezaliwa hapa hapa Dar, na akiweza atawafikisha Kariakoo kwenye soko lililochorwa na Beda Amuli miaka ya 1970, mmoja wa wachoraji majengo Waafrika wa kwanza kabisa ukanda huu. Soko lile liliungua Julai 2021.

Na kuna kitu hakionekani mpaka uambiwe. Wajerumani, na Waingereza baada yao, waliugawa mji kwa kanuni za ujenzi, eneo hili jengo la namna hii tu, eneo lile namna ile, na ndo tukapata Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili utenganishe, Waafrika wakae kule ng'ambo Kariakoo. Leo tunapita pale kwenye daladala tunaona ni bustani tu. Mimi tangu niambiwe siwezi tena kuvuka Mnazi Mmoja bila kuifikiria.

Upungufu wa Dar niseme wazi, yamebomolewa mengi. Unakuta jengo la 1935 limebanwa katikati ya maghorofa ishirini ya vioo, unaruka kutoka moja kwenda lingine, mtaa mzima uliokamilika hupati.

Miguu na jua

Hapa Dar inachosha, kivuli kidogo, magari yamepaki juu ya njia ya miguu, mfuniko wa mtaro haupo. Mzunguko wote ni kama masaa matatu. Nenda Jumapili asubuhi saa moja na nusu, mitaa imetulia kabisa, unasimama katikati ya barabara unaangalia juu hakuna anayekupigia honi, ila ujue Jumapili makanisani kuna ibada na baadhi ya sehemu za kuingia zimefungwa. Ukiwa na mzee, gawa mara mbili na mpumzike Bustani ya Mimea, ile ilianzishwa na Wajerumani miaka ya 1890 na ina viti chini ya miti mikubwa.

Mtembezaji

Ndani ya Boma la Kale kuna DARCH, kituo cha urithi wa majengo ya Dar, kimeanzishwa kwa mkono wa wachoraji majengo wenyewe, na matembezi yao yanaelemea kwenye ujenzi kweli kweli, nani alichora, paa limekaaje, mji ulipangwaje. Piga au pitia mapema, usitokee asubuhi hiyo hiyo ukategemea mtu atakuwepo. Nje ya hapo watembezaji wa katikati ya Dar ni wachache kuliko Unguja, na wengi wanachanganya soko, chakula na majengo, sio mbaya, ila waambie mapema kiu yako ni majengo.

Hela na makaratasi

Kwa anayeishi Dar hii ndo nafuu kuliko zote, nauli ya mwendokasi mpaka City Council au Posta ya Zamani umefika. Gharama ni mtembezaji na Makumbusho ya Taifa kama mtaingia, raia analipa kidogo kuliko mgeni, beba kitambulisho. Camera iweke chini ukiwa karibu na Ikulu, majengo ya serikali na kivukoni, ulizia kabla ya kupiga, usijiletee usumbufu.

Inamfaa nani

Anayependa siasa na historia ya mji, mwanafunzi wa ujenzi au mipango miji, na mtu aliyeko Dar kikazi mwenye asubuhi moja tu. Mtu anayetaka uzuri wa picha mfululizo atasikitika kidogo.

UNGUJA, MJI MKONGWE

Majengo

Hapa ni kinyume cha Dar, mji wote umesimama. UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2000 na ukiingia uchochoroni unaelewa kwa nini, hakuna pengo, nyumba inaegemea nyumba. Majina makubwa mnayajua. Ngome Kongwe waliijenga Waomani baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu) ya Sultani Barghash ni ya 1883, ndo ya kwanza Zanzibar kuwaka umeme, na sehemu yake kubwa ilianguka tarehe 25 Desemba 2020, ikaua watu wawili, kwa hiyo msiende mkitegemea kuingia kama zamani, ulizia hali ya ukarabati kabla. Dispensari ya Zamani pale Mizingani aliianzisha mfanyabiashara wa Kihindi, Tharia Topan, mwaka 1887, zile balkoni zake za mbao zilizokatwa kama lesi ukizitazama jua la asubuhi likiwa linapiga utasahau njaa. Kanisa la Anglikana la Mkunazini limejengwa kwenye soko la watumwa lililofungwa 1873, hapo watu wananyamaza wenyewe bila kuambiwa.

Ila mimi nakwambia thamani ya Mji Mkongwe iko kwenye nyumba za kawaida. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, upana kama mita tatu hivi, na sababu ni boriti, mti wa mikoko hauendi urefu zaidi ya hapo, kwa hiyo msitu ndo uliopima chumba cha tajiri na cha maskini. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa inapumua, unyevu unaingia unatoka, na mtu akija akapiga plasta ya saruji juu yake anaufungia unyevu ndani, ukuta unaoza taratibu mpaka siku unashuka. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilibadilisha mikono, familia nne tano ndani ya nyumba moja, ukarabati ukawa hauna mwenyewe. Mamlaka ya Mji Mkongwe ilianzishwa 1985 na tangu hapo wanahangaika nazo.

Niwape kimoja nilichokiona kwa karibu. Kule ndani Kiponda mzee aliyekuwa anatutembeza alisimama kwenye mlango mmoja, akaweka mkono kwenye mfaa, ile nguzo ya katikati inayofunika mbao mbili zikikutana, akashuka nao taratibu. Huku chini samaki na mawimbi, katikati maua yanapanda, pembeni mnyororo umezunguka fremu nzima. Akatuambia wengine watawaambia mnyororo maana yake mwenye nyumba alikuwa na watumwa, wengine watasema ni wa kulinda nyumba na shari, "mimi nawapa zote mbili, mchague wenyewe." Ile misumari mikubwa ya shaba kwao India inasemwa ilikuwa ya kuzuia tembo wa vita wasisukume mlango, Unguja tembo hakuna, watu waliipenda ikabaki pambo. Mlango ulionyooka juu wenye maandishi ya Kiarabu ni wa mtindo wa Kiarabu, ulioviringa juu kama upinde ni wa Kihindi. Bado anaongea hivyo mlango ukafunguka kwa ndani, akatoka mtoto na bakuli, akasema "shikamoo babu" akatupita kwenda kununua urojo. Mlango tuliokuwa tunautazama kama makumbusho ni mlango wa nyumbani kwa mtu. Tuliomba radhi tukasogea.

Miguu na jua

Kwa kutembea, Mji Mkongwe ndo mwepesi. Vichochoro vyembamba vina kivuli karibu siku nzima, na kila baada ya nyumba chache kuna baraza la kukaa. Tatizo ni sakafu isiyo sawa, vespa na baiskeli zinazotokea nyuma yako ghafla, na kipindi cha masika, Machi mpaka Mei, maji yanasimama. Masaa mawili mpaka matatu yanatosha. Kupotea utapotea, ila mji wenyewe mdogo, ukifuata kelele unatokea Darajani au baharini.

Mtembezaji

Wapo wengi na hapo ndo penye kazi. Mtembezaji halali ana kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii Zanzibar, muombe akuoneshe, hatakasirika. Wanaokudaka pale unaposhuka boti ni papasi, wengine wanajua mji vizuri kabisa sikatai, ila mimi nilishachukuliwa na mmoja, kati ya masaa mawili saa moja na nusu tulikuwa ndani ya maduka ya vinyago na viungo, majengo tuliyaona tukiwa tunahama duka. Kwa hiyo mwambie kabla hamjaanza, "hatutaki maduka, tunataka milango, nyumba na ujenzi," halafu muulize swali moja la kumpima, boriti zina kazi gani. Akilijibu vizuri twende naye.

Hela na makaratasi

Kwa Mtanzania wa bara ni boti kama masaa mawili na kitambulisho, halafu malazi maana kwenda na kurudi siku hiyo hiyo mtachoka. Tiketi zinalipwa sehemu kwa sehemu, Mkunazini yake, makumbusho yake, ulizeni kama mtembezaji kaziweka kwenye bei yake au la. Msimu wa wageni kila kitu kinapanda.

Inamfaa nani

Familia yenye mzee na watoto, mtu wa kwanza kabisa kwenye mambo haya, mpiga picha, na anayetaka kujua nyumba ilijengwaje toka msingi mpaka nakshi. Ukichukia vurugu za watalii nenda nje ya msimu, au anzeni saa moja asubuhi kabla maduka hayajafungua.

MOMBASA, MJI WA KALE

Majengo

Mombasa inaanzia Fort Jesus, hilo halikwepeki. Wareno waliijenga 1593 mpaka 1596, mchoraji wake ni Muitaliano, Giovanni Battista Cairati, akaichora kwa umbo linalofanana na mtu ukiitazama toka juu. Waomani waliizingira toka 1696 mpaka 1698 wakaichukua, Waingereza wakaigeuza gereza mpaka 1958, na 2011 UNESCO wakaiorodhesha. Ukisimama kwenye ukuta wa upande wa bahari unaelewa dakika hiyo hiyo kwa nini kila mtu aliitaka, mlango wote wa bandari uko chini ya macho yako.

Lakini msiishie ngomeni kama wengi wanavyofanya. Vukeni mwingie Ndia Kuu. Jina lenyewe ni Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, sisi huku tungesema Njia Kuu, na kwangu mimi kusikia lugha ikiwa imegandishwa kwenye kibao cha mtaa ni sehemu ya matembezi. Nyumba za pale nyingi ni za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa 20, wakati reli ya Uganda ilipoanza kujengwa toka Mombasa 1896 na hela ikaingia na mafundi wa Kihindi wakaja. Angalia roshani za mbao, zinavyobebwa na mikono ya mbao iliyochongwa, hakuna mbili zinazofanana. Mtaani humo humo kulikuwa na njia za reli ndogo, vigari vya kusukumwa na watu, wakubwa wanakaa juu wanasukumwa mpaka kazini. Msikiti wa Mandhry unahesabiwa toka 1570, mnara wake mnene chini unachongoka juu. Kuna Mahakama ya Zamani ya 1902, kuna nyumba ya kale ya Leven House, kuna ngazi za kushukia majini, na mkitokea upande wa pili kuna soko la MacKinnon la 1914, ambalo kila mtu analiita Marikiti.

Na tofauti kubwa ninayoiona ni kwamba mtaa bado ni wa wenyewe. Watalii wakitoka ngomeni wengi wanarudi kwenye mabasi, huku ndani mnabaki nyinyi, mafundi cherehani, vijana wa bao na muuza kahawa anayegonganisha vikombe vyake ujue anapita. Tulikunywa kahawa chungu na kashata tumekaa kwenye kizingiti cha nyumba ya watu, mama mwenye nyumba akatuchungulia toka roshani akatuuliza tumetoka wapi, tukasema Dar, akatutumia mahamri kwa mjukuu. Sitadanganya kwamba kila mtu atapata hivyo, ila mtaa unaruhusu.

Upande mbaya, eneo lililotangazwa kuhifadhiwa tangu miaka ya 1990 lipo, lakini humo humo utakuta roshani imening'inia kwa msumari mmoja na jengo la zege limesimama palipokuwa na nyumba ya mawe. Mji wa Kale ni mdogo kuliko Mji Mkongwe na hauna ukarabati mwingi wa kupendeza macho.

Miguu na jua

Ngomeni jua kali, hakuna pa kujificha, ingieni saa mbili asubuhi. Mitaani kuna kivuli nusu nusu, Ndia Kuu inapitisha tuktuk na pikipiki. Masaa matatu pamoja na ngome. Ijumaa mchana mitaa ya misikiti inajaa, na wakati wa Ramadhani msipite mnakula barabarani.

Mtembezaji

Getini Fort Jesus wapo, wengine wana vitambulisho wengine hawana, omba kuona. Ukimpata mzaliwa wa Kibokoni au Mji wa Kale mng'ang'anie huyo, maana atakuambia nyumba hii ya nani, huyu alioa wapi, yule babu yake alikuwa nahodha, mambo ambayo hayaandikwi popote. Udhaifu wao, kwa niliowapata, ni upande wa ufundi, ukiuliza paa limebebwaje anakupeleka kwenye historia ya ukoo. Unguja na Dar wanajibu hilo vizuri zaidi.

Hela na makaratasi

Tiketi ya Fort Jesus ndo kubwa, na Makumbusho ya Kenya wana bei ya raia na ya mgeni. Toka Dar ni basi la siku nzima kupitia Tanga na Horohoro, hati ya kusafiria mkononi. Kwa aliyeko Nairobi ni treni asubuhi, mchana umefika.

Inamfaa nani

Mtu ambaye ameshaona Unguja anataka mji usiopambwa kwa ajili yake, mpenzi wa ngome na vita vya bahari, mpenda lugha, na mwenye ndugu Mombasa maana malazi ndo yanakula hela.

KWA HIYO KAMA BADO UMEKWAMA

Ikiwa una asubuhi moja tu na uko Dar, usijilazimishe boti, fanya Sokoine Drive mpaka Uhindini Jumapili, urudi nyumbani saa tano jua halijawa kali.

Ikiwa una siku mbili na mama mtu mzima kama shangazi yangu, nenda Unguja, siku ya kwanza mtembee asubuhi masaa mawili mkalale, siku ya pili mrudie milango mliyoipenda bila mtembezaji, polepole, mama akae barazani.

Kwa watoto wa shule wanaosoma historia darasani, Fort Jesus inawashika haraka kwa sababu kuna mizinga ya kupanda juu na kuta za kuchungulia, Mkunazini ni nzito, waandaeni kabla. Kama mtoto anasoma ufundi ujenzi au anataka kuwa mchoraji majengo, mpeleke Boma la Kale kwanza ajue ukuta, halafu Mji Mkongwe ajue nyumba nzima.

Aliyetoka nje baada ya miaka mingi, tuseme mmekaa Muscat au London na mna watoto wasiojua hata mtaa wa bibi yao, chagueni mji wenu kwanza kabla ya mji maarufu, na tafuteni mtembezaji mzaliwa, maana mtauliza majina ya watu kuliko majina ya sultani.

Ikiwa mnaweza miji miwili, anzeni Dar ndo mvuke Unguja, msianze Unguja. Ukishaona nyumba mia za matumbawe kule, Boma la Kale hutalitazama tena, na linastahili kutazamwa na macho ambayo hayajachoka.

Binamu yangu nimemwambia hivi: mama apelekwe Unguja, Mombasa waiache mpaka Desemba ndugu wa Likoni wakiwepo, na Jumapili watakayoshuka hapa mi mwenyewe nawasubiri City Council saa moja na nusu, waje na kofia, maji na viatu vya kawaida.